Beji ya Jina Mpakani: Namna ya Kuitengeneza na Kuivaa Busia na Malaba

Beji ya jina ni kipande cha plastiki, chuma, kitambaa au karatasi kinachovaliwa kifuani ili anayekutana na mvaaji ajue mambo matatu: anaitwa nani, anafanya kazi gani na anafanya kwa niaba ya nani. Kijijini ambako kila mtu ni mwana wa fulani, kifaa hiki hakina kazi kubwa. Thamani yake huonekana pale wanapokutana watu wasiojuana, wenye haraka, na penye fedha au mizigo inayopita mkono kwa mkono.

Busia na Malaba ni mahali pa namna hiyo. Miji hii miwili, iliyo umbali wa takriban kilomita 30, ndiyo milango mikuu ya nchi kavu kati ya Kenya na Uganda. Malaba hupokea reli na malori yanayotoka Mombasa kuelekea Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Kongo. Busia nayo hupitisha malori, mabasi, na wafanyabiashara wadogo wa mayai, samaki, nafaka na mitumba. Katika foleni moja husikika Kiswahili, Kiteso, Kisamia, Kikhayo, Kijaluo, Kiganda na Kiingereza. Katikati ya umati huo wamo maofisa wa serikali mbili, mawakala wa forodha, wabadilishaji fedha, wapagazi, waendesha bodaboda, na pia matapeli wanaojifanya kuwa mmojawapo wa hao. Mgeni akitoa pasipoti au pesa, ana haki ya kujua amempa nani.

Kutoka kipande hadi beji

Kuvaa utambulisho shingoni hakukuanza kwa heri nchini Kenya. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, yaani hati yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri wake na mshahara aliolipwa. Hati hiyo iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia saini aliweza kusakwa na kuadhibiwa.

Watu walikipinga tangu mwanzo. Desemba 1921, mkutano wa hadhara uliojulikana kama Piny Owacho, uliofanyika Lundha, Gem, katika Nyanza, ulitaka kipande kiondolewe. Nairobi, mwanaharakati Harry Thuku alikipinga hadharani hadi akakamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye polisi wakafyatulia risasi umati uliodai aachiliwe. Hatimaye sheria ya mwaka 1947 ilileta uandikishaji wa watu wa rangi zote, na kikopo cha shingoni kikatoweka.

Historia hii inatoa kipimo cha kupimia beji yoyote ya leo. Kipande kilimtumikia mwenye nguvu: kilimwezesha mwajiri na polisi kumfuatilia mfanyakazi. Beji njema hufanya kinyume chake. Humwezesha mwananchi wa kawaida kumtambua mwenye mamlaka aliye mbele yake, akajua nani wa kumshukuru na nani wa kumlalamikia. Kwa hiyo kila uamuzi kuhusu beji, tangu maneno yake hadi mahali inapobandikwa, unapaswa kumfikiria kwanza yule atakayeisoma.

Sheria ya Kenya inaukubali msingi huo kwa askari. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inaelekeza kwamba askari aliyevaa sare abandike jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Agizo hilo limewekwa pamoja na masharti ya matumizi ya nguvu na silaha, kwa sababu anayeruhusiwa kutumia nguvu ndiye hasa anayepaswa kujulikana.

Chini ya paa moja, serikali mbili

Zamani msafiri wa Busia alikaguliwa mara mbili: upande wa Kenya alipotoka, kisha upande wa Uganda alipoingia. Utaratibu ulibadilika kwa kujengwa vituo vya pamoja vya mpakani, vinavyoongozwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni Februari 24, 2018. Sasa msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Anayetoka Uganda kuja Kenya hukuta katika jengo la upande wa Kenya ofisa wa Uganda anayemgongea mhuri wa kutoka, na karibu yake ofisa wa Kenya anayemgongea wa kuingia.

Urahisi huo una changamoto yake. Ofisa wa Uganda anafanya kazi kihalali kwenye ardhi ya Kenya, na wa Kenya kwenye ardhi ya Uganda. Tena si uhamiaji peke yake. Wapo maofisa wa forodha wa KRA, wakaguzi wa ubora wa bidhaa wa KEBS, wakaguzi wa mimea na mbegu wa KEPHIS, maofisa wa afya na polisi. Mama mwenye magunia mawili ya mahindi hawezi kukisia nani ni nani. Katika mazingira haya jina peke yake halitoshi. Beji inapaswa kuonyesha pia idara na nchi, na bendera ndogo pembeni husaidia kuliko sentensi ndefu, kwa kuwa hata asiyesoma huitambua.

Nje ya jengo, hali ni ngumu zaidi. Wakala wa forodha ni mtu aliyepewa leseni chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya kumshughulikia mwenye mzigo. Hata hivyo, mbele ya foleni ya malori, wakala mwenye leseni na kijana aliyeshika tu faili huonekana sawa. Kitambulisho cha kazi chenye picha, jina la kampuni na muda wa mwisho ndicho kinachowatenganisha. Kwa waendesha bodaboda, ambao kazi yao yenyewe inasimuliwa kuwa ilizaliwa Busia miaka ya 1960 kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, jaketi la kuakisi mwanga lenye namba na jina la kituo hufanya kazi ya beji. Maandishi makubwa ya mgongoni yanafaa zaidi kuliko kadi ya kifuani, maana abiria humtazama mwendeshaji mgongoni safari nzima.

Maneno ya kuandika

Beji nzuri ina maneno machache. Kwanza jina, tena kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Pili kazi, kwa maneno anayoyaelewa mtu wa kawaida: "Mkaguzi wa Mimea" au "Afisa wa Forodha" badala ya cheo cha ndani cha ofisi chenye vifupisho. Tatu taasisi na nembo yake. Mengine, kama namba ya kazi na tarehe ya mwisho wa matumizi, yawe madogo chini au nyuma.

Kosa la kawaida ni nembo kuchukua nusu ya kadi huku jina likibanwa pembeni. Mwenye ofisi hufurahia, lakini msafiri amekwisha kuona nembo hiyo mlangoni, ukutani na kwenye sare. Asichokijua ni jina la mtu.

Majina ya mpakani yanahitaji uangalifu wa pekee. Wakenya wengi hutanguliza jina la ubatizo au la dini, kisha jina la ukoo au la baba. Uganda wengi hutanguliza jina la asili. Kadi iliyoandikwa bila kumwuliza mwenyewe inaweza kumfanya mtu aitwe siku nzima kwa jina asilolizoea. Vilevile jamii zilezile ziko pande zote mbili. Wasamia na Wateso waligawanywa na mstari uliochorwa na Waingereza, na majina kama Wandera, Nekesa, Barasa na Nabwire husikika huku na huku. Tahajia nayo hutofautiana: pacha wa kwanza kwa Wajaluo wa Kenya kwa kawaida ni Opiyo, ilhali wengi upande wa Uganda huandika Opio. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine. Sahihi ni ile ya mwenye jina, na njia pekee ya kuijua ni kumpa orodha aikague kabla ya kuchapisha.

Heshima pia ina nafasi yake. Daktari, Mwalimu, Padri au Hajati akitambuliwa kwa cheo chake, watu hupata njia ya kumwita bila kumvunjia adabu. Desturi ya Afrika Mashariki haimruhusu kijana kumwita mzee kwa jina tupu, hivyo beji yenye jina moja la kwanza tu humtia mgeni katika mashaka.

Ukubwa, herufi na rangi

Kadi ya kazi ya kawaida ina vipimo sawa na kadi ya benki: milimita 85.6 kwa milimita 54. Vipimo hivi ni vya kimataifa, kwa hiyo mifuko, klipu na mashine za kuchapia hupatikana kwa urahisi. Kwa mikutano, kadi ya A6, milimita 105 kwa 148, inafaa zaidi kwa sababu jina huandikwa kubwa.

Ili jina lisomeke bila shida mtu akiwa mbali hatua mbili au tatu, herufi zake ziwe na kimo cha milimita 8 hadi 10. Chini ya hapo msomaji hulazimika kuinama kuelekea kifua cha mwenzake, jambo linalowaaibisha wote wawili, hasa mvaaji akiwa mwanamke. Herufi nyoofu zisizo na mapambo husomeka haraka kuliko za mwandiko. Kuanza jina kwa herufi kubwa na kuendelea na ndogo, kama "Nafula", huyapa macho umbo la kulishika kuliko "NAFULA" iliyojaa mstari mzima.

Rangi zitofautiane sana: maandishi meusi au ya buluu iliyokolea juu ya nyeupe, au meupe juu ya rangi nzito. Njano juu ya nyeupe hupotea juani. Rangi pia hutumika kugawanya makundi, kwa mfano kijani kwa wageni na nyekundu kwa walinzi, lakini isitegemewe peke yake. Wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na usiku chini ya taa za barabarani rangi hudanganya. Kundi liandikwe pia kwa neno.

Picha ya kadi ya kazi ipigwe mbele ya ukuta mweupe, uso ukiwa wazi na mwanga ukitoka mbele. Ngozi nyeusi ikipigwa picha na dirisha likiwa nyuma hutoka kama kivuli, na picha ya aina hiyo haimtambulishi yeyote. Kwa uchapaji, ubora wa nukta 300 kwa inchi unatosha.

Vifaa na utengenezaji

Njia rahisi zaidi iko katika kila saiba na studio ya picha. Karatasi huchapwa, hukatwa, kisha hupigwa laminesheni. Gharama ni ndogo na kazi huisha siku hiyohiyo. Siri ya kuidumisha ni kuacha ukingo wa plastiki wa milimita mbili au tatu kuzunguka karatasi. Ukingo ukikatwa sambamba na karatasi, au tundu la kamba likitobolewa juu ya karatasi yenyewe, maji ya mvua na jasho hupenya na wino husambaa.

Kadi ngumu ya plastiki huchapwa kwa mashine maalumu inayohamisha rangi kwa joto, kisha hufunikwa kwa utando mwembamba. Hustahimili miaka kadhaa, ingawa jua kali la mpakani hufifiza picha ya mtu anayeshinda nje. Kibao cha jina cha hotelini au benkini aghalabu hutengenezwa kwa plastiki ya tabaka mbili, ambapo mashine huchonga tabaka la juu hadi rangi ya chini ionekane. Kwa kuwa maandishi yamechongwa badala ya kupakwa, hayafutiki. Kwa walinzi, mafundi na wapagazi, jina lililodariziwa kwenye shati au koti ndilo bora. Halining'inii, halipotei na hufuliwa pamoja na nguo.

Utaratibu wa kuagiza ni uleule kwa njia zote. Orodha moja ya majina huandaliwa, kila mtu huthibitisha jina lake, fundi hutoa mfano mmoja, mfano huo husomwa kwa umbali wa hatua tatu, kisha ndipo nyingine huchapwa. Anayeruka hatua ya mfano hulipa mara mbili.

Mahali pa kuivaa

Beji ndogo hubandikwa upande wa kulia wa kifua, chini kidogo ya bega. Sababu yake iko katika salamu: mtu anapotoa mkono wa kulia, macho ya mwenzake hufuata mkono huo hadi bega la kulia. Mkoba na mkanda wa begi viwekwe upande mwingine ili visiifunike.

Kamba ya shingoni hupendwa kwa sababu haitoboi nguo, ila ina kasoro mbili. Ikiwa ndefu, kadi huishia tumboni na hufichwa na meza. Pia kadi hugeuka, na msomaji huona mgongo mtupu. Dawa yake ni kufupisha kamba hadi kadi ikae kifuani na kuchapa jina pande zote mbili. Kwa anayefanya kazi karibu na mashine, magurudumu au milango ya malori, kamba iwe na kifungo kinachoachia ikivutwa. La sivyo, atumie klipu ya mfukoni.

Sumaku hulinda nguo nzuri dhidi ya matundu ya pini. Lakini aliyewekewa kifaa cha umeme cha kusawazisha mapigo ya moyo asiitumie, kwa kuwa sumaku ikiwa karibu huweza kuvuruga kifaa hicho. Watengenezaji hushauri umbali wa angalau sentimita 15, na kifua hakitoi nafasi hiyo.

Hospitalini, jina ni sehemu ya tiba

Mwaka 2013 daktari Mwingereza Kate Granger, akiwa mwenyewe mgonjwa wa saratani, aligundua kwamba wahudumu wengi walimshika na kumhudumia bila kumwambia majina yao. Alianzisha kampeni ya kuwataka wajitambulishe kwa kila mgonjwa, ikaenea nchi nyingi kabla na baada ya kifo chake mwaka 2016. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani nayo inataka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa mwili, kwa kuwa watu wanaojuana huonyana mapema.

Mpakani somo hilo lina uzito. Uganda ilipotangaza mlipuko wa Ebola Septemba 2022, ukaguzi wa afya uliimarishwa Busia na Malaba. Mhudumu aliyejifunika barakoa na miwani humtisha msafiri, na zaidi mtoto. Nchini Liberia mwaka 2015, msanii Mmarekani Mary Beth Heffernan aliwapiga picha wahudumu wa Ebola wakitabasamu, wakabandika picha hizo juu ya mavazi yao ya kinga ili wagonjwa wawaone. Karatasi ya gundi yenye jina, picha na neno "Muuguzi" haigharimu kitu cha maana, na inaweza kufanya hivyohivyo katika kituo chochote cha ukaguzi.

Harusi, matanga na mikutano

Katika hafla, beji hujibu swali moja: nimwulize nani? Kwenye mazishi ya Magharibi mwa Kenya, ambako mamia ya waombolezaji hukusanyika bomani, wanakamati wenye utepe au beji ndio huelekeza magari, chakula na mahali pa wazee kuketi. Si lazima kila mgeni avae. Inatosha wavae wanaohudumu, kila mmoja na kazi yake: "Mapokezi", "Chakula", "Usafiri". Harusini mambo ni hayohayo, na rangi ya beji inaweza kulingana na ya mapambo mradi maandishi yasomeke.

Mikutano ya wafanyabiashara wa pande mbili inahitaji zaidi. Jina, mji na aina ya biashara huwasaidia muuza samaki wa Busia na mnunuzi wa Tororo, Uganda, kupatana bila dalali. Lugha anazozungumza mtu, zikiandikwa kwa ufupi chini ya jina, huondoa dakika za kubahatisha. Beji zipangwe mezani kwa alfabeti kabla ya wageni kufika, na kadi tupu pamoja na kalamu nene ziwepo kwa wasiotarajiwa. Wakati wa uchaguzi, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka huwapa waangalizi na mawakala wa vyama vitambulisho rasmi. Hivyo haviwezi kutengenezwa mtaani, kwa kuwa vinafungua mlango wa chumba cha kura.

Faragha na udanganyifu

Beji haichukui nafasi ya kitambulisho cha taifa. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka mipaka baina yao kwa vitambulisho vya taifa, lakini kadi ya kazi haimvushi mtu. Namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa na simu ya binafsi hazina nafasi kifuani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na mpita njia hazihitaji hizo. Zikihitajika kwa uhakiki, zifichwe ndani ya msimbo wa QR unaofunguka kwa wahusika pekee. Walio katika hatari ya kufuatwa hadi nyumbani, kama walinzi wa usiku na wahudumu wa baa, waruhusiwe kutumia jina moja na namba ya kazi.

Kwa upande wa pili, beji bandia ni hatari kwa umma, na kujifanya mtumishi wa serikali ni kosa la jinai nchini Kenya. Ofisi hujilinda kwa namba ya mfululizo, tarehe ya mwisho inayoonekana, rangi inayobadilika kila mwaka, na bango mlangoni linaloonyesha beji halisi inavyofanana. Mwananchi naye alinganishe picha na uso, asome tarehe, na akiwa na shaka aulize ndani ya jengo kabla ya kutoa hati au fedha. Ofisa wa kweli hakasiriki akiombwa kuonyesha beji yake.

Mwisho, beji ina mwenyewe hata mvaaji anapoondoka. Anayehama kazi arudishe kadi, jina lake lifutwe katika orodha, na kadi ikatwe vipande. Iliyopotea itangazwe siku hiyohiyo na namba yake ifungwe, ili asije mwingine akaitumia kuwahadaa wasafiri.